Ukikosekana siku tatu, nani atauliza? Tujadili namna watu wa kawaida wanavyojenga ujirani

Mpangaji wa Juu (mleta uzi)

Wakuu habari za wakati huu. Naomba hili tuliongee kwa utulivu maana liko kichwani mwangu siku nyingi. Swali lenyewe ni hili: wewe unayesoma hapa, ukifunga mlango leo usionekane siku tatu mfululizo, simu imezima, ukiacha ndugu wa damu na watu wa kazini ambao watakutafuta kwa sababu kuna kazi yao imelala, nani mwingine atakuja kugonga? Siulizi nani atakuzika. Nauliza nani atashtuka tu kwamba huyu mtu mbona hajapita hapa tangu juzi.

Nina sababu ya kuanza na hilo. Julai 1995 mji wa Chicago kule Marekani ulipigwa na joto kali sana, ndani ya siku chache wakafa watu zaidi ya 700, na wengi walikuwa wazee wanaoishi peke yao, wengine walikutwa ndani madirisha yamefungwa. Baadaye mwanasosholojia mmoja anaitwa Eric Klinenberg akafuatilia nani alikufa na nani alipona. Akakuta maeneo mawili yanapakana, North Lawndale na South Lawndale, kote kuna umaskini, kote kuna wazee wanaokaa peke yao, lakini kiwango cha vifo cha North Lawndale kilikuwa karibu mara kumi ya kile cha majirani zao. Tofauti kubwa aliyoiona ilikuwa barabarani. South Lawndale nje kumechangamka, maduka yako wazi, mzee ana sababu ya kutoka hata kwa kujikongoja, na akitoka anaonekana, asipotoka anaulizwa. North Lawndale ajira zilishaondoka, biashara zimefungwa, watu wamehama, viwanja vitupu kila kona na wanaobaki wanaogopa kutembea. Wazee wakajifungia, joto likawakuta humohumo.

Sasa hoja yangu. Wengi tunaamini jamii inajengwa na upendo mkubwa, au sherehe, au mpaka apatikane mtu mwenye kipaji cha uongozi aitishe mkutano. Mimi naona inajengwa na vitu viwili vidogo mno, kuonana mara kwa mara bila kupanga, na kuombana vitu vidogovidogo. Hili la pili ndilo linatushinda na ndilo hasa nimelifungulia uzi.

La kuonana nalipitia haraka. Mwaka 1950 Leon Festinger na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu nyumba za Westgate, walikokuwa wanakaa wanafunzi wenye ndoa wa chuo cha MIT kule Marekani. Watu walipangiwa nyumba bila kuchagua jirani. Wakaulizwa marafiki zako hapa ni akina nani. Katika wale wa mlango unaofuata, asilimia 41 walitajwa kuwa marafiki, milango miwili mbele ikashuka mpaka 22, mwisho wa korido 10. Na korido yenyewe wala haikuwa ndefu kihivyo. Waliokaa karibu na ngazi na masanduku ya barua wakawa na marafiki wengi zaidi wa ghorofa ya juu, kwa sababu kila anayepanda na kushuka anawapitia. Tabia ya mtu inachangia, sikatai, ila mlango ulikaa wapi nao unachangia kuliko tunavyodhani.

La kuomba ndo lenye kazi. Kutoa wengi wetu tunaweza, unampa mtu kitu unajisikia vizuri, umekaa juu yeye yuko chini. Kuomba kunauma kwa sababu kunakushusha kidogo, na ndo maana kunajenga, maana unamwambia mwenzako kwa vitendo kwamba nakuamini na niko tayari kudaiwa na wewe. Benjamin Franklin, mwanasiasa wa Marekani wa karne ya 18, aliandika habari za mpinzani wake kwenye bunge la jimbo ambaye walikuwa hawapatani. Hakwenda kumpelekea zawadi wala kumbembeleza. Alimwandikia akamwomba amwazime kitabu adimu alichosikia anacho, jamaa akakituma, Franklin akakirudisha baada ya kama wiki moja na barua ya kushukuru, na walipokutana tena bungeni yule mtu akaja mwenyewe kumsalimia, kitu ambacho hakuwahi kufanya, wakabaki marafiki mpaka kifo.

Na hofu yetu ya kukataliwa ni kubwa kuliko hali halisi. Mwaka 2008 Francis Flynn na Vanessa Lake walifanya majaribio ya kuwatuma watu wakaombe msaada kwa wasiowajua, kabla hawajaenda wakaambiwa wakadirie itabidi wawaombe watu wangapi ndo wapate idadi inayotakiwa. Kwa wastani walikadiria juu sana. Ukweli ni kwamba watu walikubali kwa urahisi zaidi kuliko waombaji walivyotegemea.

Kwa hiyo anayekaa ndani anasema hawa majirani wana roho ngumu, naomba ajiulize kwanza lini alimwomba jirani kitu. Karibuni tujadili.

---

Nyuma ya Geti

Mkuu umenena. Mi nakaa sehemu ambayo geti linafunguka kwa rimoti, gari linaingia mpaka mlangoni, unatoka kwenye siti ya gari unakaa kwenye sofa. Mtu wa nyumba ya pili namjua kwa rangi ya gari yake tu, sura siwezi kuapa. Usalama tumepata lakini hilo swali lako la siku tatu limenifanya niweke simu chini kwanza. Jibu ni hakuna.

---

MamaPacha

Ngoja nitoe mfano wa hili la kuombana maana kwetu linaishi kabisa.

Tuna ngazi ya aluminiamu ya kupandia darini. Ni ya kwangu mimi, ina namba ya nyumba yangu imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mguu mmoja, rangi yenyewe imeshaanza kubanduka. Aliiazima kwanza jirani wa kushoto taa yake ilikuwa imeungua. Kabla hajairudisha mama wa nyumba ya pembeni akaiomba kwake, hakuja kwangu, akanitumia tu ujumbe dada ngazi iko kwangu. Toka hapo ile ngazi haijarudi kulala kwangu kwa muda mrefu, inapita nyumba kwa nyumba, nikiihitaji nauliza mtoto yeyote anayecheza nje ngazi iko kwa nani na ananiambia bila kufikiri. Mtu akihamia eneo letu kitu cha kwanza anachoambiwa ni kuhusu ngazi.

Sasa angalieni kinachotokea. Kila mtu ili aipate lazima abishe hodi kwa mtu, na akibisha hodi hawezi kuichukua tu akaondoka, ataulizwa vipi watoto, vipi mgonjwa wako, hiyo taa inasumbua nini mbona mwezi uliopita pia. Juzijuzi baba mmoja alikwenda kuifuata ngazi akakuta mzee wa nyumba ile ana homa kali yuko peke yake ndo akatuita. Hakuna aliyepanga. Kila nyumba ingekuwa na ngazi yake ingekuwa rahisi zaidi, ila hiyo hodi isingegongwa.

---

kimyakimya

Naomba nitofautiane na nyie kwa heshima tu maana huu uzi unaelekea upande mmoja. Mimi ni mwanamke naishi mwenyewe na nimehama makusudi kutoka sehemu ambayo kila mtu anamjua kila mtu, mnaita jamii mimi naita mahakama, unatoka umevaa hivi wanajua, umerudi saa ngapi wanajua, nani kakuleta wanajua na kesho asubuhi mama mwenye nyumba kashapata ripoti nzima imeongezwa na ambayo haikutokea, ukiumwa ni kweli watakuja lakini watakuja pia kuangalia ndani kwako kuna nini, na ukikataa kuchangia kitu kimoja unaitwa una majivuno miaka mitatu. Watu hawajifungii kwa sababu ya roho ngumu, wengine wamejifungia kwa sababu walishaumizwa na hao hao majirani. Na hili la kuomba, mwanamke ukienda kuomba msaada kwa jirani mwanaume mara mbili tu tayari ana tafsiri yake. Mleta mada hili umelifikiria?

---

Mpangaji wa Juu (mleta uzi)

Dada kimyakimya asante, na sitaki kulipunguza hata kidogo ulilosema. Jamii inayokuchunguza ipo na inaumiza, na kuna watu kukimbia ndio kulikuwa kupona kwao.

Ila nadhani kuna umbali wa katikati ambao tunausahau. Mwaka 1973 Mark Granovetter aliandika kuhusu mahusiano mepesi, yaani watu unaofahamiana nao juujuu. Alikuta wengi waliopata kazi kupitia mtu walipata kwa mtu wa mbali wanayeonana naye mara chache, sababu rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe, huyu wa mbali ana habari za kwingine. Na mwaka 2014 Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn wakaonyesha kwamba siku ambazo mtu amezungumza na watu wengi zaidi wa aina hiyo, wa salamu na maneno mawili, ndo siku anazojisikia vizuri zaidi na kujiona ni sehemu ya watu. Hao watu hawajui mshahara wako, hawajui nani kakuleta. Wanajua sura yako na jina lako basi.

Ninachokitetea ni hicho. Mtu anayejua jina lako na njia unayopita anatosha kugundua umekosekana, habari za ndani kwako hazimhusu. Jane Jacobs alilisema vizuri mwaka 1961 alipoandika kuhusu mitaa ya miji mikubwa, kwamba mtaa mzuri unalinda faragha ya mtu huku unampa watu wa kuongea nao, vyote viwili kwa pamoja, na pale ambapo ni lazima uwape watu maisha yako yote ndo wawe majirani, wengi huchagua kutowapa chochote. Naona hapo ndipo ulipofikishwa.

La kuomba kwa wanaume uko sahihi. Anza na mwanamke mwenzio, au mwenye familia, au omba mbele za watu pale nje. Wala hulazimiki kumwomba kila mtu.

---

kimyakimya

Hapo kwenye jina na njia nimekuelewa. Naendelea kusoma.

---

Fundi Wenu

Mimi nataka kusemea wanaume maana sisi ndo tunaoongoza kwa kukaa peke yetu huku tunajiita tuko bize. Ukimwambia mwanaume njoo tukae tuongee yaliyo moyoni hatokuja, mwite njoo unisaidie kushikilia huu ubao nipige msumari anakuja, na akishashika ule ubao nusu saa ataongea mambo ambayo mkewe hajawahi kuyasikia, macho yake yako kwenye msumari hakuangalii usoni, mdomo unafunguka wenyewe. Hiki kitu Australia walikifanyia kazi kabisa, kuanzia miaka ya 1990 wakaanzisha mabanda ya ufundi ya wanaume, hasa wastaafu, mtu anakwenda kurekebisha kiti au baiskeli, hakuna anayeitwa mgonjwa hapo wala hakuna kikao cha ushauri. Yakaenea Uingereza, Ireland na kwingine. Mtu akistaafu kazi anapoteza watu wote wa siku nzima kwa mpigo mmoja, hilo halisemwi, tunasema tu kapumzika.

Kwenye banda langu hapa kuna jamaa wawili hawana kazi ya kufanya kwangu lakini wanakuja kila jioni. Mmoja ananyoosha misumari ya zamani. Simfukuzi, na siku hajaja namfuata kwake.

---

Mguu Sawa

Naongezea kwa Fundi. Siri ni siku ileile saa ileile sehemu ileile, haijalishi wamekuja wangapi. Kuna hizi mbio za wikiendi zinaitwa parkrun, zilianza Oktoba 2004 pale Bushy Park London, siku ya kwanza wakimbiaji walikuwa 13 tu, Paul Sinton-Hewitt aliyeanzisha alikuwa ameumia hawezi kukimbia ila anataka kuendelea kuonana na wenzake. Bure, kilometa tano, kila Jumamosi asubuhi, kazi zote zinafanywa na wanaojitolea. Leo ziko nchi zaidi ya 20. Wangeanza kwa kusema tusubiri tufike mia ndo tuanze wasingeanza mpaka leo. Vikundi vingi ninavyovijua vimekufa kwa kuhamisha siku, wiki hii Jumamosi, wiki ijayo tutatangaza, ijayo fulani ana dharura, mwisho watu wanachoka kufuatilia tangazo.

---

Katibu Mstaafu

Nimekuwa katibu wa chama cha wakazi kwa miaka na hiki kipengele cha michango na usafi ndicho kinachoua ujirani kuliko umbea. Mmoja halipi, wa pili anaona mbona yule halipi, ikifika mwezi wa nne mnabaki watatu mnaolipia taa za wote na mnachukiana na mtaa mzima.

Someni habari za Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009. Alizunguka kuangalia watu wanaotumia kitu kwa pamoja, mifereji ya umwagiliaji, malisho, misitu, samaki, na akakuta wapo waliokitunza vizazi na vizazi bila serikali kuwasimamia na bila kukigawa kiwe cha mtu binafsi. Waliofaulu walifanana mambo kadhaa. Kanuni zilitungwa na watumiaji wenyewe. Waliokuwa wanakagua ni wao kwa wao au watu wanaowajibika kwao. Adhabu inaanza ndogo kabisa halafu inapanda kwa anayerudia. Na kukiwa na ugomvi kuna mahali karibu na rahisi pa kuumalizia.

Hilo la adhabu ndogo ndilo tulilolishika sisi. Zamani asiyelipa alikuwa anabandikwa jina ukutani, siku hiyohiyo tumempoteza, hata akilipa baadaye hatuji kumwona tena na chuki inabaki. Tukabadilisha. Mara ya kwanza mtu mmoja anayeelewana naye anakwenda kumuuliza kimya kama kuna tatizo, na mara nyingi kweli kuna tatizo, kaachishwa kazi, ana mgonjwa, anaona aibu. Anapewa kazi ya mikono badala ya hela, kufagia sehemu ya pamoja au kusoma mita. Anayekaidi tu makusudi ndo anapanda hatua ya pili mbele ya kamati. Wanaofika huko ni wachache mno.

Na kitu kingine, mahesabu yabandikwe. Hata kama ni hela ndogo. Watu hawakasirikii kuchanga, wanakasirikia kutojua imekwenda wapi.

---

Nyuma ya Geti

Katibu, vipi kuhusu grupu la kwenye simu? Kwetu lipo lina watu karibu wote, lakini ni tangazo la maji, picha za salamu za asubuhi na siasa. Halijengi chochote naona.

---

Katibu Mstaafu

Grupu linafanya kazi pale watu walishaonana usoni. Likianza lenyewe kabla hawajaonana linakuwa la matangazo na matusi, maana kumtukana namba ya simu ni rahisi kuliko kumtukana mtu uliyeshika naye koleo jana. Sisi tulianza na siku ya kuzibua mitaro ndo tukachukuana namba. Na tuliweka kanuni moja tu, jambo la kumlalamikia mtu haliandikwi kwenye grupu, unakwenda mlangoni kwake. Imepunguza ugomvi sana.

---

Mjukuu wa Pazia

Naomba niseme la bibi yangu kwa sababu lile swali la siku tatu limenigusa. Bibi anaishi mwenyewe, amekataa kuhamia kwetu, anasema anataka kufa na vitu vyake. Yeye na mama mmoja wa ng'ambo ya barabara walikubaliana wenyewe, pazia la dirisha la mbele lazima liwe limefunguliwa kabla ya saa tatu asubuhi. Likiwa limefungwa anavuka kuja kugonga. Hakuna kupiga simu, hakuna kuingia ndani kila siku kumsumbua. Ni pazia la rangi ya kijani na lina doa la chuma cha pasi upande wa kulia, mama yule ananiambia analijua lile doa kuliko sura za watu wengine wa mtaa. Na bibi naye analinda upande wake, jioni taa ya mlangoni ya yule mama isipowaka bibi anaanza kuuliza kila anayepita.

Ninachokipenda ni kwamba bibi hajifanyi mgonjwa anayeangaliwa. Na yeye ana zamu. Mzee ukimfanya wa kupewa tu kila siku anajikunja anaona ni mzigo, mpe na yeye mtu wa kumwangalia utaona anavyoamka mapema.

---

MamaPacha

Mjukuu hapo kwenye zamu nimekupenda. Ndo tofauti ya kusaidia na kuishi na mtu.

---

Mpangaji wa Juu (mleta uzi)

Mjukuu umelisema vizuri kuliko nilivyolisema mwanzo. Kila mtu awe na kitu ambacho kikikosekana wengine wataona pengo.

Niongeze moja linalomhusu Nyuma ya Geti, kwa sababu tunalaumu tabia za watu wakati mwingine ni namna mtaa ulivyojengwa. Donald Appleyard alilinganisha mitaa mitatu ya San Francisco inayofanana isipokuwa magari, mmoja unapitiwa na magari kama 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, wa tatu 16,000. Kwenye ule wa magari machache mkazi alikuwa na wastani wa marafiki watatu mtaani kwake. Kwenye ule wa magari mengi hawakufika hata mmoja, 0.9. Alipowaambia watu wachore eneo wanaloliona ni kwao, wa mtaa mtulivu walichora mtaa wote, wa mtaa wa kelele walichora nyumba yao, wengine wakaishia kwenye jengo lao. Tofauti kubwa ni kwamba nje hapakaliki.

Kwa hiyo mkuu wangu usihangaike kwanza na tabia za majirani. Tafuta sehemu moja ya kukalika. Benchi chini ya mti karibu na geti, sehemu ya kungojea watoto wanaposhuka kwenye gari la shule, popote ambapo mtu anaweza kusimama dakika tano bila kuonekana ana shida. Bila sehemu hiyo mnayoipita wote hata mkiwa malaika hamtaonana.

Na tusidhani ni jambo dogo la watu wenye muda. Uingereza waliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, Japani wakafanya hivyo 2021, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa ripoti kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke. Serikali zinahangaika, lakini waziri hawezi kujua pazia la bibi ni la kijani.

---

DadaZamu

Nimesoma mwanzo mpaka hapa. Mimi kazi yangu ni ya zamu, natoka watu wanaingia, narudi watu wametoka, nimehamia hapa si muda mrefu na simjui hata mmoja. Siku ileile saa ileile kwangu haiwezekani kabisa, na benchi nikilipita ni usiku halina mtu. Watu kama sisi wa usiku tunaanzia wapi? Na mimi ni mwoga wa kuanza maongezi, nikifikiria tu kugonga mlango wa mtu tumbo linaniuma.

---

Mguu Sawa

Dada kwanza kwenye huo uoga hauko peke yako. Kuna jaribio Nicholas Epley na Juliana Schroeder walilifanya na abiria wa treni huko Chicago, matokeo yakatoka 2014, wengine waliambiwa waongee na mtu wasiyemjua, wengine wakae kimya. Abiria walipoulizwa kukadiria walitegemea walioongea watakuwa na safari mbaya zaidi. Ikawa kinyume chake, walioongea ndo walifurahia zaidi. Wote tunaogopa kitu kilekile kwa wakati mmoja, yule wa ndani ya mlango naye anaogopa kukugongea.

Pili muda unajikusanya. Jeffrey Hall alikadiria mwaka 2018 kwamba inachukua kama saa 50 za kuwa pamoja mtu atoke kwenye kufahamiana awe rafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 kufika rafiki wa karibu kabisa. Kwa hiyo usijihukumu mwezi wa kwanza.

---

Fundi Wenu

Dada wa zamu wewe una kitu ambacho sisi wengine hatuna, uko macho wakati mtaa umelala. Mlinzi yuko macho, mama mwenye mtoto mchanga yuko macho, anayeuguza yuko macho. Anza na hao. Mlinzi wa usiku ndiye anayemjua kila mtu kuliko mwenyekiti, mwambie jina lako na saa unazorudi, siku usiporudi ataanza yeye kuuliza.

---

kimyakimya

DadaZamu, kwa sisi tusiopenda maneno mengi mimi nilichofanya ni kumwachia jirani wa mlango wa pili karatasi yenye jina langu, namba ya simu na kwamba kazi yangu naifanyia nyumbani mchana kwa hiyo mzigo wake ukiletwa hayupo naweza kuupokea. Sikugonga. Alinijibu kwa karatasi pia. Tumeendelea hivyo muda mrefu na hajawahi kukanyaga ndani kwangu wala mimi kwake, na tunajuana vizuri tu.

---

DadaZamu

Hiyo ya karatasi naiweza! Ila mleta mada kasema kuomba kunajenga kuliko kutoa, sasa niombe nini jamani, vitu vyangu vyote ninavyo.

---

MamaPacha

Mdogo wangu omba kitu cha kurudishwa. Kisiwe cha kula wala cha kuisha, maana kikiisha stori imeisha. Bisibisi, pampu ya baiskeli, kamba ya kuanikia, kitu ambacho lazima urudi nacho, kwa hiyo tayari una safari mbili badala ya moja. Usikikalie wiki nzima, rudisha kesho yake, rudisha kikiwa kisafi kuliko ulivyokipewa, na ukirudisha usikimbie, sema kilikusaidia nini hasa, "ile droo sasa inafunga." Mtu anapenda kujua chombo chake kimefanya kazi. Halafu yeye akija kukuomba, hata kama umetoka zamu unasinzia, mpe. Hiyo mara yake ya kwanza kuja kwako usiikatae kwa namna yoyote ile.

---

DadaZamu

Sawa dada. Stuli yangu ina mguu umelegea na bisibisi yangu ni ya nyota haiingii. Kesho natoka zamu saa moja, karatasi naandika leo.